Je, Wajua? Watunzi wa Riwaya Walifika Meroe Kabla ya Wachimbaji

Je, wajua kwamba riwaya ndefu kuliko zote tano za mapenzi zilizotufikia kamili kutoka kwa Wagiriki wa kale inamalizikia Sudan? Jina lake ni Aithiopika. Ina vitabu kumi, na mwandishi wake, Heliodorus, alikuwa mtu wa Emesa, mji ambao leo unaitwa Homs, nchini Syria. Kisa kinaanzia ufukweni, kwenye mlango wa Mto Naili, kinazunguka hadi Delphi huko Ugiriki, kisha kinapanda na mto mpaka Meroe, mji mkuu wa Kushi.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekwisha kukutana na Kushi. Tirhaka, mfalme wa Kushi, yumo katika Wafalme wa Pili na katika Isaya. Towashi wa Malkia Kandake yumo katika Matendo ya Mitume, akisoma ndani ya gari lake njiani kutoka Yerusalemu. Wanapita mbele yetu kwa aya mbili tatu, na hao wameondoka. Riwaya ndiyo inayomruhusu msomaji kuingia mjini kwao, akae, asikilize watu wanavyogombana na kupatana. Na kuhusu Kushi kuna jambo la ajabu: watunzi wa hadithi walifika huko karne nyingi kabla ya wanaakiolojia. Kwa hiyo leo tunaweza kusoma walichokibuni huku tukitazama kilichofukuliwa, tukaona wapi walipatia, wapi walikosea, na wapi walikosea kwa namna yenye faida. Kwangu mimi huo ni usomaji wenye raha kuliko mwingine wowote.

Meroe ilisimama kwenye ukingo wa mashariki wa Naili, kati ya maporomoko ya tano na ya sita, kiasi cha kilomita 200 kaskazini mashariki ya mahali ilipo Khartoum. Piramidi zake bado zinaonekana, nyembamba na zenye mteremko mkali, kila moja na kihekalu upande wa mashariki, na kaburi lenyewe likiwa chini ya ardhi, si ndani ya jengo. Kwa idadi, Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri. Hata hivyo rafu za riwaya za kihistoria zimejaa Roma, Ugiriki na mafarao, na Kushi inapotokea hutokea kama adui wa Misri au mtumwa wake. Hilo linanisikitisha, maana utawala uliokuwa na mfalme wake Kerma zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ukahamia Napata, ukahamia Meroe na kudumu huko hadi karne ya 4 BK, una visa vya kutosha maktaba nzima.

Turudi kwa Heliodorus. Aliandika katika karne ya 3 au ya 4 BK, lakini kisa chake alikiweka katika enzi Waajemi walipoitawala Misri, miaka zaidi ya 500 nyuma yake. Hata kwake yeye, basi, hiyo ilikuwa riwaya ya kihistoria. Malkia Persinna wa Kushi anajifungua mtoto mweupe, kwa sababu saa ya kutunga mimba macho yake yalikuwa kwenye picha ya Andromeda chumbani. Kwa kuogopa kushtakiwa uzinzi anamtoa mtoto huyo, akimwekea utepe alioutarizi maandishi ya kueleza asili yake. Mtoto, Charicleia, anakulia Delphi mikononi mwa kuhani, anapendana na kijana aitwaye Theagenes, hadi siku Calasiris, kuhani mzee kutoka Memphis, anapousoma utepe na kutambua kwamba huyu ni binti wa mfalme. Baada ya hapo ni safari ya kurudi nyumbani: maharamia, wanyang'anyi wa bwawani, mwanamke mkubwa wa Kiajemi mwenye wivu wa kuua. Mwishowe wapenzi hao wanatekwa na jeshi la Mfalme Hydaspes, baba mzazi wa msichana. Naye, asijue kitu, anawapeleka Meroe wakachinjwe kuwa sadaka kwa Jua na Mwezi.

Utepe ule unastahili kutazamwa vizuri. Heliodorus anasema haukuandikwa kwa hati ya watu wa kawaida, bali kwa hati ya kifalme inayofanana na ile ya makuhani wa Misri. Na kweli, Kushi ilikuwa na hati mbili: moja ya picha, iliyotumika mahekaluni na kwenye mambo ya wafalme, na nyingine ya mkato iliyotumika kwa shughuli nyingi zaidi. Ila hati hizo zilianza kuonekana kiasi cha karne ya 2 KK. Katika enzi ya Waajemi wafalme wa Kushi walikuwa bado wanaandika Kimisri. Mtunzi amepatia aina ya kitu, amekosea wakati wake. Kosa la namna hii linanifurahisha, kwa sababu haliwezi kufanywa na mtu aliyebuni kila kitu kichwani. Habari za Kushi zilikuwa zikisafiri, naye alizisikia.

Tazama pia anavyoueleza mji. Anasema Meroe ni kisiwa chenye pembe tatu kilichozungukwa na mito, chenye tembo wakubwa kupita kiasi, na ngano ndefu ya kumficha mtu aliye juu ya farasi. Ngano hiyo ni chumvi ya msimulizi. Kisiwa, la hasha, si uongo mtupu: waandishi wa kale waliita hivyo eneo lote lililo kati ya Naili, Atbara na Naili ya Buluu. Jina hilo lingali hai. UNESCO ilipoliingiza eneo hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, iliandikisha mabaki ya Kisiwa cha Meroe.

Je, wajua kwamba twiga ndiye anayevuruga sherehe mwishoni mwa riwaya hiyo? Hydaspes amerudi na ushindi, na wajumbe wa mataifa wanapanga foleni kumletea zawadi: hawa hariri, hawa dhahabu, hawa pinde na mishale. Wa mwisho ni wajumbe wa Aksum, ambao mtunzi anatuambia hawalipi kodi, ni marafiki. Wamekuja na mnyama mwenye shingo ndefu na ngozi ya madoa, na Heliodorus anamweleza kiungo kwa kiungo kwa wasomaji ambao wengi wao hawajawahi kumwona. Umati mzima unashangaa na kumpa jina papo hapo. Farasi na ng'ombe waliokuwa madhabahuni wanapagawa kwa hofu, fahali mmoja anakata kamba, na Theagenes, mateka anayesubiri kuuawa, anaruka juu ya farasi na kwenda kumshika fahali huyo mbele ya watu wote. Kwa msomaji wa Tanzania, ambako twiga ni mnyama wa taifa, ni burudani ya pekee kumwona akiingia katika fasihi ya Kigiriki kama muujiza wa kidiplomasia.

Na hapo tena kuna kosa la wakati. Enzi ya Waajemi, ufalme wa Aksum ulikuwa haujainuka. Katika siku za Heliodorus mwenyewe ulikuwa dola kubwa, wenye bandari ya Adulis kwenye Bahari ya Shamu. Urafiki aliouandika nao haukudumu: kiasi cha mwaka 350 Mfalme Ezana wa Aksum aliacha maandishi kwenye jiwe akieleza kampeni yake ya kijeshi katika bonde la Naili, kwenye ardhi iliyokuwa ya Meroe.

Vita anavyovieleza Heliodorus ni vya kubuni. Hydaspes anauzingira mji wa Syene, ndio Aswan ya leo, kwa kuchimba mtaro kuuzunguka na kuufungulia maji ya Naili, mpaka mji unakuwa kisiwa na kuta zinaanza kuanguka. Wasomi wameona kwamba mbinu hiyo inafanana sana na ile ambayo Mfalme Shapur wa Pili wa Uajemi anasimuliwa kuitumia dhidi ya mji wa Nisibis mwaka 350, na ndiyo maana wengine wanaisogeza riwaya hii hadi karne ya 4. Wapo wasiokubali. Mabishano yenyewe yanafurahisha: riwaya inatumika kama ushahidi wa vita, na vita vinatumika kama ushahidi wa umri wa riwaya.

Mfalme wa Heliodorus anajua Kigiriki, na mbele ya madhabahu anazungumza lugha hiyo na wazee wake wenye hekima ili umati usielewe. Usidhani ni uvivu wa mtunzi. Diodorus, mwanahistoria wa karne ya 1 KK, anasimulia habari za Mfalme Ergamenes wa Kushi aliyepata elimu ya Kigiriki. Kulikuwa na desturi, asema Diodorus, kwamba makuhani wa Meroe wakiamua mfalme afe humpelekea ujumbe, naye hujiua. Ergamenes alipopata ujumbe wake alichukua askari, akaingia hekaluni, akawaua makuhani. Mwisho wa Aithiopika ni mpole kuliko huo: Charicleia anatambuliwa kwa utepe, na kwa alama nyeusi mkononi mwake. Kisha Sisimithres, mkuu wa wenye hekima, anaacha Kigiriki na kusema kwa lugha ya Kushi, umati wote usikie, kwamba sadaka ya binadamu ikome. Ikakoma.

Je, sadaka hizo zilikuwa uzushi wa Mgiriki? Kwa Meroe ya enzi ya Waajemi, hakuna sababu ya kumwamini Heliodorus. Lakini huko Kerma, miaka zaidi ya 1,000 kabla ya Waajemi, wafalme walizikwa chini ya vilima vikubwa vya udongo pamoja na mamia ya watu waliouawa kuwasindikiza. Makaburi hayo yalifunguliwa na Mmarekani George Reisner kati ya 1913 na 1916. Heliodorus hakuwa na njia ya kuyajua.

Kitabu chake nacho kilipitia misukosuko. Wakati jeshi la Sultani Suleiman lilipouteka mji wa Buda nchini Hungaria mwaka 1526, nakala ya mkono iliyokuwa katika maktaba ya wafalme iliokotwa na askari, na kutokana nayo kikachapwa Basel mwaka 1534. Tafsiri ya Kifaransa ya Jacques Amyot ikatoka 1547. Baada ya hapo Ulaya nzima ikakisoma. Shakespeare anamgusia mnyang'anyi mmoja wa riwaya hiyo ndani ya Twelfth Night, bila kumtaja jina, kwa kuwa watazamaji wake walimjua. Cervantes alijigamba kwamba kitabu chake cha Persiles kingethubutu kushindana na Heliodorus. Inasimuliwa pia kwamba Jean Racine, akiwa mwanafunzi, alinyang'anywa nakala mbili na mwalimu wake zikachomwa moto. Akaipata ya tatu, akaihifadhi kichwani, ndipo akampelekea mwalimu aichome nayo. Kwa miaka mingi, basi, Ulaya ilisoma kwa hamu kitabu ambacho ndani yake kwao Charicleia ni Afrika, na mfalme mwenye haki kuliko wafalme wote wa kisa hicho ni mtu mweusi. Napenda kila anayesoma kuhusu fasihi ya dunia alijue hilo.

Heliodorus hakuwa wa kwanza kutunga juu ya Kushi. Herodotus, katika karne ya 5 KK, alisimulia jinsi wapelelezi wa Mfalme Cambyses wa Uajemi walivyompelekea mfalme wa kusini mkufu wa dhahabu, naye akacheka akidhani ni pingu, akasema kwao wana pingu imara zaidi. Kisha wakaonyeshwa wafungwa waliofungwa minyororo ya dhahabu. Herodotus mwenyewe anakiri kwamba hakupita Elephantine, hapo Aswan. Baadaye wakaja watunzi wa hadithi za Iskandari Mkuu. Wakampeleka Meroe akiwa amejibadili sura, akakutana na Malkia Kandake ambaye kwa siri alikuwa amemchoresha picha, akamtambua mara moja. Iskandari halisi hakuwahi kufika Meroe. Kisa hicho kilisambaa hata hivyo kwa lugha nyingi, Kigeezi, Kiarabu na Kiajemi zikiwemo, na katika kisa chenyewe ni mwanamke wa Kushi anayemshinda akili mtawala wa dunia.

Kandake, tukumbuke, ni cheo. Walikuwapo wengi.

Je, wajua kwamba mmoja wao aliifanya Roma ifute kodi? Strabo, aliyeishi zama zizo hizo, anamweleza kuwa mwanamke shupavu, chongo. Kati ya mwaka 25 na 22 KK majeshi ya Kushi yaliishambulia Aswan na kuangusha sanamu za Kaisari Augustus. Petronius, gavana wa Misri, akawafuata hadi Napata. Mwishowe wajumbe wa Kushi wakaambiwa malalamiko yao wayapeleke kwa Kaisari. Wakajibu kwamba hawamjui Kaisari ni nani wala anapatikana wapi. Wakapewa wa kuwaongoza, wakamkuta katika kisiwa cha Samos, na kila walichokitaka wakapewa, ikiwemo kufutiwa kodi waliyokuwa wametozwa. Hapo mtunzi mwenye kipaji angeweza kukaa kurasa mia: wanadiplomasia wa Meroe ndani ya jahazi la Kirumi, wakipita visiwa vya Ugiriki, wakiongea wenyewe kwa wenyewe lugha ambayo mabaharia hawaijui.

Mwaka 1910 John Garstang wa Chuo Kikuu cha Liverpool alifukua Meroe kichwa cha shaba cha Augustus, macho yake ya kioo na mawe yakiwa bado mahali pake. Kilikuwa kimezikwa chini ya ngazi za jengo, ili kila anayeingia amkanyage Kaisari. Kichwa hicho sasa kiko British Museum. Ukimsoma Strabo, mwandishi wa upande wa Roma, utadhani vita vile viliisha kwa huruma ya Augustus. Ngazi zile zinaeleza upande wa pili.

Sasa nije kwa riwaya ninayoipenda zaidi katika habari hizi, nayo haikuandikwa na Mgiriki. Pauline Hopkins alizaliwa Portland, jimbo la Maine, mwaka 1859, Mmarekani mweusi aliyeishi na kufanya kazi Boston. Kati ya Novemba 1902 na Novemba 1903, katika jarida la Colored American Magazine ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake, alitoa kwa sehemu riwaya iitwayo Of One Blood. Shujaa wake, Reuel Briggs, ni mwanafunzi wa udaktari Harvard anayeficha kwamba ana damu ya Kiafrika. Anakwenda Meroe na msafara wa wazungu wanaotafuta hazina. Akiwa peke yake usiku kwenye magofu anachukuliwa na kuamkia Telassar, mji uliofichika ambamo Wakushi wa kale wangali wanaishi, wakiwa na elimu yao yote. Huko wanamwona ana alama ya yungiyungi kifuani, na kumtangaza kuwa mfalme wao aliyesubiriwa. Jina wanalompa ni Ergamenes. Malkia anayemngojea anaitwa Candace.

Linganisha na Heliodorus. Wote wawili wana mrithi wa Meroe aliyepotea ugenini, mwenye ngozi nyeupe kiasi cha kumfanya asijulikane asili yake, anayetambuliwa kwa alama mwilini. Ila kwa Mgiriki weupe wa Charicleia ni ajali ya picha chumbani. Kwa Hopkins ni historia ya utumwa, na inatisha. Kadiri riwaya inavyosonga, wahusika wanagundua kwamba wana undugu ambao hawakuujua, kwa sababu mabwana wa mashamba walizaa na watumwa na kuwakana watoto. Kichwa cha riwaya chenyewe kinatoka katika tamko la Biblia juu ya umoja wa damu ya wanadamu, na Hopkins analigeuza liwe shitaka. Riwaya ina mambo mengi kupita kiasi: mizimu, usingizi wa kiini macho, sumu, mapenzi matatu kwa mpigo. Nayasamehe yote kwa ajili ya ukurasa ambao Reuel, mtu aliyejificha maisha yake yote, anaambiwa na Profesa Stone wa msafara ule kwamba ustaarabu ulianzia kwa watu wale wale anaowaonea aibu.

Je, wajua aliyemkosoa Hopkins bila kujua, na jinsi alivyoshindwa? Ni yule yule Reisner. Kati ya 1916 na 1923, akiongoza msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard na Museum of Fine Arts ya Boston, alichimba Jebel Barkal, El-Kurru, Nuri na Meroe. Alikuwa mchimbaji hodari, mwenye kumbukumbu safi, na orodha ya wafalme wa Kushi tuliyonayo inaanzia kwenye kazi yake. Lakini hakuweza kuamini kwamba Waafrika weusi walijenga alichokuwa anakiona. Aliandika kwamba watawala hao walikuwa na asili ya Libya, watu wa rangi nyepesi waliowatawala weusi. Leo nadharia hiyo imeachwa. Kutoka mji mmoja, Boston, walitoka watu wawili: mwanamke aliyetunga Meroe asiyoiona na profesa aliyeishika Meroe kwa mikono yake, na juu ya swali kubwa kuliko yote, la nani aliijenga, mtunzi ndiye aliyesema kweli. Kinachozidi kunigusa ni kwamba Hopkins alifariki mwaka 1930, jina lake likiwa limesahauliwa.

Hazina waliyoitafuta wahusika wake ilikuwa imekwisha kuibwa. Mwaka 1834 daktari Mwitalia, Giuseppe Ferlini, alibomoa piramidi za Meroe kutoka juu akitafuta dhahabu. Katika ile ya Malkia Amanishakheto akaipata: bangili, pete za muhuri, vito vya dhahabu na vioo vya rangi. Alipovipeleka Ulaya wengi walikataa kuamini kwamba kazi nzuri namna ile ilitoka Afrika. Hatimaye viligawanyika kati ya Munich na Berlin, na viko huko hadi leo. Piramidi zilizokatika vichwa, zinazoonekana katika kila picha ya Meroe, nyingine ni kazi ya mkono wake.

Opera nayo ilichota kisimani humo. Aida ya Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871, ilitokana na kisa kilichoandaliwa na Auguste Mariette, Mfaransa aliyesimamia mambo ya kale ya Misri. Mapambo na mavazi yalichelewa kwa kuwa yalikuwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na Waprusia. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, na kwa Ethiopia ya enzi za mafarao hapana budi kuelewa Kushi. Baba yake, Amonasro, ana jina linalomkumbusha mtu Amanislo, mfalme wa Kushi ambaye jina lake limechongwa kwenye simba wa jiwe jekundu walioko British Museum. Muziki ni wa fahari. Lakini kisa kimetazamwa kutoka Misri, na mwenye opera, Khedive Ismail mtawala wa Misri, miaka hiyo hiyo alikuwa akisukuma mipaka yake kusini. Mwaka 1875 meli zake zilifika hadi Barawa na Kismayu, pwani iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, zikaondoka baada ya Waingereza kuingilia kati.

Kama ningeulizwa riwaya gani ya Kushi iandikwe sasa, ningejibu: ya Piye. Mfalme huyu wa Napata aliiteka Misri yote katika karne ya 8 KK, na akaacha jiwe lenye mistari 159 lililopatikana Jebel Barkal mwaka 1862. Maandishi yake yana mwendo wa riwaya tayari. Piye anauzingira mji wa Hermopolis, ambao mfalme wake, Nimlot, amemsaliti. Mke wa Nimlot anakwenda kuwaomba wanawake wa Piye wamtetee mumewe. Mji unasalimu amri. Piye anaingia ikulu, wanawake wa Nimlot wanamwamkia, yeye hawatazami. Anakwenda zizini. Anakuta farasi wamekonda kwa njaa ya kuzingirwa, na hapo hasira inampanda: kuwatesa farasi kunamuuma kuliko maovu mengine yote ya Nimlot. Baadaye wafalme wanne wa Misri wanakuja kumsujudia, na watatu wanazuiwa mlangoni kwa sababu wanakula samaki. Anayeruhusiwa kuingia ni Nimlot, kwani yeye hali samaki. Mtunzi gani angethubutu kubuni hilo? Na huko El-Kurru, alikozikwa Piye, yalipatikana makaburi ya farasi 24 wa wafalme wa ukoo wake, wamezikwa wakiwa wamesimama.

Ugumu utakaomkabili mwandishi wa Meroe yenyewe ni sauti za watu wake. Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alifaulu kufikia mwaka 1911 kutambua namna herufi 23 za Kimeroe zinavyotamkwa. Tunaweza kuzisoma kwa sauti. Maana, kwa sehemu kubwa, bado haijafunguka: tunajua kwamba qore ni mfalme, ato ni maji, at ni mkate, na maneno mengine kiasi, pamoja na kanuni za maombi ya mazishi. Mtafiti Claude Rilly ameonyesha kwamba lugha hiyo ina undugu na Kinubi na lugha nyingine za Sudan na maeneo jirani, na kazi inasonga polepole. Mpaka hapo itakapokamilika, kila mazungumzo ndani ya riwaya ya Meroe yatakuwa ya kubuniwa, na mwandishi mwaminifu atalazimika kuyajenga kutokana na vitu: mahekalu ya Naqa yenye sanamu za Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore wakiwapiga maadui kwa ukubwa sawa, mungu Apedemak mwenye kichwa cha simba, marundo ya takataka za chuma yaliyobaki kwenye tanuri za Meroe.

Hata sisi wa pwani tuna pa kuingilia. Periplus, kijitabu cha mfanyabiashara wa Kigiriki wa karne ya 1 BK, kinautaja mji wa Meroe ulioko bara, kinaeleza pembe za ndovu zilizopitia Aksum hadi Adulis, kisha kinashuka hadi Azania, na kituo chake cha mwisho, Rhapta. Mji wa Kandake na pwani yetu vimo ndani ya safari moja ya maneno.

Vitu vya Kushi sasa viko hatarini kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeiacha Makumbusho ya Taifa ya Khartoum ikiwa imeporwa, na humo ndimo zilimohifadhiwa kazi nyingi za Kerma, Napata na Meroe. Ni nchi ambayo mwaka 2019 wanawake walioongoza maandamano waliitwa Kandaka, na watu wote wakaelewa wanaitwa nani.

Anayetaka kuanza, aanze na Hopkins. Riwaya yake si ndefu, na kwa umri wake inapatikana bure mtandaoni. Kisha amwendee Heliodorus, kwa wanaosoma Kiingereza kupitia tafsiri ya J. R. Morgan, akiwa na ramani ya Naili karibu. Asikate tamaa kwenye kurasa za mwanzo zenye maiti ufukweni na karamu iliyovunjika: mtunzi ameanzia katikati kwa makusudi, na maelezo yanakuja kidogo kidogo kupitia mdomo wa Calasiris. Kitabu cha kumi, cha Meroe na twiga na fahali, kisomwe kwa mkao mmoja.